Damu ya mama mjamzito inaeleza nini kuhusu presha?

Mama anapofika kliniki ya wajawazito kupimwa presha, kisha akaambiwa anyooshe mkono atolewe damu, ana haki ya kuuliza: kama ugonjwa ni presha, na presha inapimwa kwa kifaa cha kufunga mkononi, damu ni ya nini? Wengine huuliza kwa sauti. Wengine huondoka kimya wasirudi tena. Katika toleo hili tunalijibu swali hilo kwa ajili ya akina mama wenyewe, waume zao, mama wakwe, matrona na wahudumu wa afya wa jamii.

Ugonjwa huu una majina mengi katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Watu wa Palma na Mocímboa da Praia, waliozoea kwenda na kurudi Mtwara, husema presha ya mimba. Waliosoma Kireno husema tensão. Wataalamu wao hutofautisha hatua. Kuna presha inayopanda baada ya wiki ya 20 ya mimba bila tatizo jingine. Kuna presha inayoambatana na protini kwenye mkojo, au na madhara kwenye figo, ini, damu au ubongo. Na kuna hatua ya mwisho, pale mama anapopoteza fahamu na mwili wote kukakamaa na kutetemeka. Hicho ndicho kifafa cha mimba. Uchambuzi wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2025 unaonyesha kwamba katika kila vifo 100 vya uzazi duniani, karibu 16 vinatokana na magonjwa haya ya presha. Ni kutokwa na damu tu kunakoua akina mama wengi zaidi.

Ugonjwa unaanzia kwenye kondo la nyuma

Kwa miaka mingi wakunga na madaktari waliona jambo moja: mtoto na kondo la nyuma vikishatoka, ugonjwa huanza kupoa. Waliona pia kwamba mwanamke mwenye mimba zabibu, ambayo huwa na kondo lisilo la kawaida na mara nyingi haina mtoto kabisa, anaweza kuupata. Kwa hiyo mtuhumiwa alikuwa kondo. Si mtoto, wala si jini.

Katika mimba yenye afya, kondo hujishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi na kuipanua mishipa ya damu ya mama ili mtoto apate damu ya kutosha. Kwa baadhi ya akina mama, hasa wenye mimba ya kwanza, kazi hiyo haikamiliki. Mishipa hubaki myembamba na kondo hukosa hewa ya kutosha. Hapo huanza kumwaga ndani ya damu ya mama vitu ambavyo vikizidi vinamdhuru.

Kimoja kati ya vitu hivyo kilitambuliwa mwaka 2003. Kundi la watafiti wa Boston, Marekani, akiwemo Dk. Ananth Karumanchi, lilionyesha kwamba kondo lililodhurika hutoa kwa wingi protini iitwayo sFlt-1. Walipowafanya panya wenye mimba wawe na protini hiyo kwa wingi, panya walipata presha na protini kwenye mkojo, ugonjwa uleule wa akina mama. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba katika damu ya wajawazito sFlt-1 huanza kupanda wiki kama 5 kabla presha haijapanda.

Protini ya pili ni PlGF. Hii ni rafiki. Kondo huitengeneza ili kuistawisha mishipa ya damu, na katika mimba ya kawaida huongezeka hadi karibu wiki ya 30 ndipo ianze kushuka. Sasa sFlt-1 hufanya kazi kama jarife. Huinasa PlGF ndani ya damu kabla haijafika kwenye kuta za mishipa. Mishipa ya mwili mzima, toka kwenye figo hadi kwenye ubongo, hukosa kile inachokihitaji. Ndiyo maana ugonjwa mmoja unaweza kuleta kichwa kuuma, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, na mkojo wenye protini, yote kwa pamoja.

Kipimo kipo, na kimejaribiwa Maputo

Kutokana na ugunduzi huo, vipimo vya damu vya PlGF na vya uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF vinatumika leo katika hospitali za nchi kadhaa. Utafiti mkubwa wa nchi 14 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa, akiwa na uwiano usiozidi 38, ni nadra sana kuupata katika wiki moja inayofuata. Nchini Uingereza, mwaka 2019, hospitali zilizotumia kipimo cha PlGF ziligundua ugonjwa kwa siku 1.9 badala ya siku 4.1.

Habari iliyo karibu nasi zaidi ni ya mwaka 2017. Kipimo cha PlGF kilijaribiwa katika kliniki za wajawazito mjini Maputo kwa akina mama walioshukiwa kuwa na presha ya mimba. Wale ambao PlGF yao ilikuwa chini sana walijifungua mapema zaidi, na watoto waliozaliwa wafu walikuwa wengi zaidi miongoni mwao. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba hiki ni kipimo cha Wazungu kisichohusu damu ya mwanamke wa Msumbiji. Watafiti wa mtandao wa PRECISE nao wamekuwa wakikusanya damu na vipande vya kondo huko Manhiça hapa Msumbiji, Kilifi nchini Kenya, na Gambia, ili kuelewa viashiria hivi kwa akina mama wa Afrika wenyewe.

Hata hivyo, kipimo hiki kina mipaka miwili. Kwanza, hakitibu. Kinamwambia mhudumu nani wa kumwangalia kwa karibu, basi. Pili, ule uhakika wa wiki moja una maana kwa mama anayeweza kurudi wiki ijayo. Kwa mama ambaye tangu mashambulizi yaanze Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 amehama mara mbili au tatu, na ambaye barabara yake inaweza kufungwa asubuhi moja bila taarifa, wiki moja ni muda mrefu sana. Kwa maoni yetu, mahali pa namna hiyo presha iliyopimwa leo na mkojo uliopimwa leo ni bora kuliko kipimo kizuri kinachosubiriwa.

Malaria na mimba ya kwanza: somo kutoka Muheza

Jambo ambalo tungependa wasomaji walishike zaidi limetoka jirani, wilaya ya Muheza mkoani Tanga, Tanzania. Muheza ni nchi ya mvua, mihogo, minazi na mbu, isiyotofautiana sana na kwetu.

Vimelea vya malaria aina ya falsiparum vina tabia ya kujificha ndani ya kondo. Mama anaweza kuwa navyo huko huku hana homa hata kidogo. Mwanamke aliyekwishazaa mara kadhaa katika eneo la malaria huwa amejijengea kinga dhidi ya vimelea vinavyokaa kwenye kondo. Mwenye mimba ya kwanza hana. Hata kama aliugua malaria mara nyingi utotoni, kinga hii ya kondo ni nyingine, huanza kujengwa pale tu anapobeba mimba.

Watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya wilaya ya Muheza walichapisha matokeo yao mwaka 2006. Waliona kwamba kwa wanawake vijana waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza, malaria iliyokaa muda mrefu kwenye kondo ilikwenda pamoja na presha kupanda. Walipopima damu, ile protini ya sFlt-1 ilikuwa juu. Maelezo yao ni kwamba chembe nyeupe za mama hujazana kwenye kondo kupambana na vimelea, na kondo, ambalo ni upande wa mtoto, hujibu kwa kutoa sFlt-1. Kwa akina mama waliokwishazaa kabla, uhusiano huo haukuonekana.

Tafsiri yake kwa familia ni hii. Chukua mfano wa binti wa miaka 18, mimba ya kwanza, analala kwenye hema bila chandarua kwa sababu chandarua kimegeuzwa uzio wa bustani au kimefungwa kwenye nguzo za ndoo. Binti huyo hana hatari moja. Ana mbili, na huenda moja inaisukuma nyingine. Ndiyo maana tunasema wazi: katika kaya yenye chandarua kimoja, mjamzito ndiye wa kwanza kulala ndani yake, na akiwa mimba ya kwanza hilo halina mjadala, hata kama mwenye nyumba ni mzee.

Aidha, vidonge vya Fansidar vinavyotolewa kliniki kuanzia wiki ya 13, angalau mara 3 kwa kuachana mwezi mmoja, vinamezwa na mjamzito asiye na homa. Hilo huwashangaza wengi: dawa ya malaria kwa mtu asiyeumwa? Jibu ni vile vimelea vilivyojificha kwenye kondo. Mama anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU asimeze Fansidar. Amweleze mkunga ili apewe utaratibu mwingine.

Damu inayotolewa kliniki inapimwa nini?

Katika vituo vingi vya kambi hakuna mashine ya PlGF. Lakini damu inaeleza mengi hata bila hiyo. Kwenye hudhurio la kwanza hupimwa wingi wa damu, kaswende, VVU na, inapohitajika, malaria. Presha ikifika 140/90 au zaidi na kubaki hivyo ikirudiwa, mama hupimwa mkojo. Maabara ikiwepo, damu hutafutwa alama nyingine. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zikishuka chini ya 100,000 kwa kila mikrolita ni ishara mbaya. Kreatinini ikipanda, figo zimeanza kuchoka. Vimeng'enya vya ini vikipanda mara mbili ya kawaida, ini linaumia. Mama anaweza kuwa na hali hizi na bado akasema anajisikia vizuri, akapika, akaenda kuchota maji.

Kuna kipimo kimoja cha zamani kisichohitaji umeme wala mashine, na kila mkunga wa kambini anafaa kukijua. Huchukuliwa mililita 2 za damu katika kichupa kidogo cha kioo kilicho safi na kikavu, bila dawa yoyote ndani. Mhudumu hukifumbata kiganjani kipate joto la mwili. Baada ya dakika 4 hukiinamisha taratibu kuona kama damu imeanza kuganda, halafu huangalia tena kila dakika. Ikipita dakika 7 damu haijaganda, au imeganda donge laini linalovunjika ovyo, basi damu ya mama huyo imepoteza uwezo wa kuganda na anaweza kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua. Huyo haachwi kambini kusubiri asubuhi.

Presha ya 160/110 ni dharura hata kama mama anacheka. Anahitaji dawa ya kushusha presha na, dalili za hatari zikiwepo, sindano ya magnesiamu salfeti. Dawa hii ni ya bei nafuu. Utafiti uliofanywa katika nchi 33 kwa akina mama zaidi ya 10,000, matokeo yake yakatolewa mwaka 2002, ulionyesha kwamba inapunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupata kifafa cha mimba. Dozi ya kwanza hupewa kwenye mshipa, na nyingine kwenye matako yote mawili. Mama husikia joto kali mwilini na sindano za matako zinauma kweli. Tunalisema hapa mapema ili ndugu anayemsindikiza asidhani amechomwa sumu.

Kuhusu mumiani

Hatuwezi kuzungumza habari za damu pwani hii bila kulitaja neno mumiani. Toka Lamu hadi Ibo wazee wanalijua: watu wanaosemekana kukamata wenzao usiku na kuwanyonya damu wakauze. Kwa Kireno cha Msumbiji ni chupa-sangue. Si hadithi ya kuchekwa, kwa kuwa imewahi kumwaga damu ya kweli. Mwaka 2017 uvumi huo ulileta ghasia mkoani Zambézia, na kusini mwa Malawi watu waliuawa na makundi yenye hasira kwa kudhaniwa ni wanyonya damu.

Watu waliokimbia Palma mwezi Machi 2021, au walioshuka kwenye mashua ufukweni Paquitequete mjini Pemba mwaka 2020, walifika bila chochote, kisha wakakutana na mtu asiyewajua anayetaka majina yao, umri wao na damu yao. Hofu hiyo ina mantiki. Dawa yake si kumkemea mama bali kumweleza. Damu inayotolewa kwa vipimo vya mimba huwa mililita 3 hadi 5 kwa kichupa, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na mama mjamzito ana lita 5 au zaidi mwilini. Baada ya kupimwa damu hiyo huteketezwa pamoja na taka za kliniki. Mama ana haki ya kuuliza inapimwa nini na kuambiwa majibu yake, si mumewe kwanza wala mkuu wa kambi.

Damu ya utafiti ni jambo jingine kabisa. Hiyo inahitaji maelezo kwa lugha mama anayoielewa, Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili, na ridhaa yake kwa saini au dole gumba. Akikataa kuingia kwenye utafiti, matibabu yake yanabaki yaleyale. Anayesema vinginevyo aripotiwe.

Bila kujua umri wa mimba, majibu hayasomeki vizuri

Viashiria vya damu tulivyovieleza hubadilika wiki hadi wiki. PlGF iliyo sawa kwa wiki ya 37 ni hatari kwa wiki ya 28. Hata uamuzi wa kumzalisha mama mapema unategemea mtoto ana wiki ngapi. Na wengi wamepoteza kadi zao za kliniki njiani.

Mama asiyekumbuka tarehe ya hedhi ya mwisho asiseme tu kwamba hajui. Aseme ilikuwa kabla au baada ya mwezi wa Ramadhani, mwezi mwandamo ulikuwa wa ngapi, mvua zilikuwa zimeanza, walikuwa bado kijijini au wameshahama. Mkunga mvumilivu anaweza kupata makadirio mazuri kwa maswali kama hayo, halafu apime na kimo cha tumbo kwa utepe. Ukipewa kadi mpya, ifunge kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za mgao wa chakula. Hizo ndizo karatasi ambazo watu hukumbuka kuzibeba wakikimbia.

Ni muhimu pia kumweleza mkunga mapema, kabla ya wiki ya 20, kama mimba iliyopita ilikuwa na presha au kifafa, kama una mapacha, kisukari, ugonjwa wa figo, au presha ya tangu kabla ya mimba. Mama wa namna hiyo anaweza kupewa aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku, ambayo hupunguza hatari. Usiinunue mwenyewe sokoni. Aspirini ya kawaida ya maumivu ina dozi kubwa zaidi. Vidonge vya kalsiamu navyo vinasaidia pale chakula kinapokuwa na kalsiamu kidogo, na mgao wa mahindi na mafuta ni chakula cha namna hiyo. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na India, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba miligramu 500 kwa siku zinafanya kazi karibu sawa na 1,500, yaani kidonge kimoja badala ya vitatu. Vidonge visipopatikana, dagaa wanaoliwa na miiba yao wana kalsiamu nyingi, ila waoshwe chumvi kwanza.

Safari ya hospitali

Kichwa kinachouma bila kutulia, kuona vimulimuli au ukungu, maumivu makali juu ya tumbo, uso na mikono kuvimba ghafla, kupumua kwa shida, mtoto kupunguza kucheza: yoyote kati ya haya baada ya mwezi wa tano ni safari ya kituoni siku hiyohiyo. Miguu kuvimba jioni peke yake ni jambo la kawaida kwa wajawazito wengi, lakini presha ipimwe.

Mama akianguka kwa kifafa, alazwe ubavu wa kushoto, asizuiwe kwa nguvu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, wala asinyweshwe kitu. Familia inayotaka kumsomea dua isiache. Kisomo kinaweza kuendelea ndani ya gari au mashua. Kinachoua ni kumpeleka kwanza nyumba tatu za waganga ndipo mtu akatafute pikipiki. Na pikipiki haifai kwa mama aliyepoteza fahamu, kwa hiyo kamati ya afya ya kila mtaa ijue mapema ni nani mwenye gari au machela, na simu yake.

Ugonjwa hauishi siku ya kujifungua. Presha inaweza kupanda tena siku ya 3 hadi ya 6, wakati mama ameshatoka wodini na yuko ndani akikandwa maji ya moto, na kifafa kinaweza kumkuta hapo. Aliyekuwa na presha arudi kupimwa ndani ya siku 3 baada ya kujifungua, kati ya siku ya 7 na 14, na katika wiki ya 6. Kama mila ya nyumba hairuhusu mzazi kutoka kabla ya siku 40, mhudumu wa jamii aitwe aje na kifaa chake cha presha nyumbani.